Kupima Ukuaji wa Tando Nyembamba kwa Fuwele ya Kwatsi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu nimewaandikia wanafunzi na mafundi wanaokabidhiwa mashine ya kuvukiza metali ndani ya ombwe (chumba kilichotolewa hewa) ili itue juu ya sampuli kama utando mwembamba, wakaambiwa tu, "Angalia hiyo namba, ikifika 100 zima." Maswali haya nimeulizwa mara nyingi, mengine usiku wa manane kwa simu. Sikuyapa urefu sawa. Yanayowasumbua watu nimekaa nayo, mengine nimeyapita.

Ile namba kwenye skrini ni unene wa utando wangu?

Hapana. Ukilikubali jibu hili leo, nusu ya matatizo yako ya mwaka huu yatakuwa yamekwisha.

Ndani ya chumba cha ombwe, kando ya sampuli yako, kuna kipande cha kwatsi cha mviringo, chembamba kuliko sarafu, chenye kipenyo cha takriban milimita 14. Kinatetemeka mara milioni 6 kwa sekunde. Atomi za metali zinapotua juu yake, kinakuwa kizito na mtetemo wake unapungua kasi. Kifaa kinachohesabu mitetemo kinaona upungufu huo, basi. Hakijui kama kilichotua ni dhahabu au alumini, na hakijui kama sampuli yako imepata kiasi hichohicho. Unene unaousoma ni hesabu iliyofanywa kutokana na mambo matatu uliyoyaingiza wewe: densiti ya kitu unachovukiza (uzito wake kwa kila sentimita ya ujazo), namba moja inayoitwa uwiano wa Z, na asilimia inayolinganisha mahali ilipo fuwele na mahali ilipo sampuli. Ukikosea moja, skrini itakupa jibu la uongo lenye desimali tatu, na halitakuwa na alama yoyote ya kukuonya.

Wanafizikia watanikosoa kwamba ninaposema uzito ningesema tungamo. Wako sahihi. Humu nitatumia uzito kwa maana ile ya mizani ya dukani, kwa sababu ndivyo tunavyozungumza tukiwa kazini.

Kipande cha jiwe kinawezaje kuhisi kitu chembamba kuliko atomi?

Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walionyesha Paris kwamba kwatsi ikibanwa hutoa chaji za umeme kwenye nyuso zake. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake lazima nacho kiwepo, yaani ukiipa umeme itajipinda kidogo, na akina Curie wakathibitisha. Ndiyo maana fuwele yetu imepakwa metali pande zote mbili. Hizo ni elektrodi. Umeme unaobadilika unapita, uso wa juu unateleza kushoto na wa chini kulia, kisha kinyume chake, bila fuwele kupanda wala kushuka.

Fuwele hukatwa kwa pembe maalumu ya takriban nyuzi 35 na robo, mkato uitwao AT uliobuniwa kwenye maabara za Bell huko Marekani katika miaka ya 1930. Sifa yake ni kwamba kwenye halijoto ya kawaida ya chumba, joto likipanda au kushuka kidogo, masafa ya mtetemo, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, hayabadiliki sana. Bila mkato huo tungekuwa tunapima joto tukidhani tunapima metali.

Kwa anayetaka picha ya kushika kichwani: umewahi kuona mpiga ngoma akibandika nta katikati ya ngozi iliyowambwa ili sauti izame? Ngozi ni ileile, mkono ni uleule, lakini uzito umeongezeka, kwa hiyo mtetemo unapungua kasi. Utando wako ndio nta. Tofauti ni kwamba sikio husikia ngoma inayotetemeka mara mia kadhaa kwa sekunde, na sisi tunahesabu milioni 6. Ukiwa na milioni 6 za kuhesabu, kupungua kwa mtetemo mmoja tu kunaonekana wazi.

Nani wa kwanza kuifanya mizani?

Mafundi wa redio walijua zamani kwamba ukichora fuwele kwa penseli masafa yake yanashuka kidogo, na walitumia ujanja huo kurekebisha vituo. Ila aliyeigeuza kuwa kipimo chenye kanuni ni Günter Sauerbrey, Mjerumani wa Berlin, katika makala aliyoichapisha mwaka 1959. Alionyesha kwamba maadamu utando ni mwembamba, mgumu na umesambaa sawasawa, masafa yanashuka kwa uwiano na uzito ulioongezeka. Kanuni yake bado ndiyo tunayoanza nayo.

Nipe hesabu yenyewe, nataka kuifanya kwa mkono.

Vizuri, na kila mmoja aifanye walau mara moja. Hz moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde, na MHz moja ni Hz milioni. Kwa fuwele ya MHz 6, kila mikrogramu moja iliyotua kwenye sentimita moja ya mraba inashusha masafa kwa takriban Hz 81.5. Kwa hiyo Hz moja ni kama nanogramu 12.3 kwa sentimita ya mraba.

Sasa chukua dhahabu. Densiti yake ni gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo nanomita moja (sehemu ya milioni ya milimita) ya dhahabu ina mikrogramu 1.93 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha kwa 81.5 utapata karibu Hz 157. Alumini ina densiti ya 2.70, na nanomita yake moja inashusha Hz 22 tu. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja utaona kwa nini nimeanza ukurasa huu nilivyoanza: Hz 157 zilezile ni nanomita 1 au nanomita 7, kutegemea ulichoiambia mashine.

Kuhusu atomi: tabaka moja la atomi za dhahabu lina unene wa karibu nanomita 0.24, sawa na Hz 37. Kifaa kizuri kinasoma sehemu ya kumi ya Hz. Ndiyo maana skrini inaweza kukuonyesha unene ulio mdogo mara mia kadhaa kuliko atomi. Usishangae wala usiuamini kama picha. Hakuna utando wa robo ya atomi. Kuna atomi chache zilizotawanyika juu ya uso, na mashine imegawanya uzito wao kwenye eneo lote. Mwanzoni mwa ukuaji, metali nyingi juu ya kioo hukaa kama visiwa vilivyoachana kabla ya kuungana, na fuwele haioni visiwa, inaona jumla.

Mbona tusitumie fuwele ya MHz 10, si ni kali zaidi?

Ni kali zaidi kweli. Hz moja kwenye MHz 10 ni nanogramu 4.4 kwa sentimita ya mraba, na kwenye MHz 5 ni 17.7. Ila masafa hupanda kwa kuipunguza fuwele unene. Ile ya MHz 6 ina unene wa karibu milimita 0.28, na ya MHz 10 inakaribia 0.17. Inavunjika kwa kuitazama, na inajaa mapema. Kwa kazi ya kuvukiza, MHz 6 imewatosha watu wengi.

Nikibadilisha metali, nibadilishe nini kwenye mashine?

Densiti na uwiano wa Z, kila mara, kabla ya kuwasha pampu. Nitaeleza kwa nini nasisitiza.

Miaka yangu ya mwanzo, kwenye maabara moja nisiyoitaja, tulihitaji nanomita 50 za dhahabu juu ya vipande vya kioo. Aliyetutangulia alikuwa amevukiza alumini na densiti ilibaki 2.70. Hakuna aliyeangalia. Tulikaa tukiitazama namba ikipanda taratibu hadi 50, tukafunga pazia (kile kibati kinachozuia mvuke usifike), tukasubiri mashine ipoe, tukafungua. Vioo vilikuwa na rangi hafifu, na nilipoviinua kuelekea dirishani niliuona mti wa nje kupitia dhahabu, wote ukiwa wa kijani zaidi kuliko ulivyo. Dhahabu nyembamba sana hupitisha mwanga wa kijani na bluu. Hesabu ya haraka ilitupa jibu: 50 mara 2.70 gawanya kwa 19.3 ni 7. Tulikuwa na nanomita 7. Siku nzima ilipotea na sampuli hazikuwa na faida, kwa sababu ya namba moja ambayo kuibadilisha kunachukua sekunde kumi.

Tangu hapo naandika densiti kwenye daftari kwa mkono, kwa kalamu, kabla ya kila kazi, na kando yake naandika masafa ya kuanzia. Kuiandika kunakulazimisha kuiangalia.

Jambo jingine: densiti ya kitabuni ni ya kipande kigumu kilichoshiba. Utando unaweza kuwa mwepesi kuliko hapo, hasa oksidi na floridi zilizovukizwa bila kupasha moto sampuli, kwa sababu huwa na vitundu vidogo ndani yake. Hapo namba ya kitabuni ni mahali pa kuanzia tu.

Uwiano wa Z ni kitu gani? Kila mtu ananiambia "weka tu iliyo kwenye jedwali".

Kanuni ya Sauerbrey inachukulia utando kana kwamba ni kwatsi zaidi iliyoongezwa juu ya kwatsi. Uongo huo mdogo hauna madhara mwanzoni. Utando ukiwa mnene, mawimbi ya mtetemo yanapita ndani yake pia, na kila kitu kina ugumu na densiti yake. Mawimbi hayasafiri ndani ya dhahabu kama yanavyosafiri ndani ya kwatsi. Mwaka 1972 Chih-shun Lu na Owen Lewis walichapisha njia ya kuingiza tofauti hiyo kwenye hesabu, na uwiano wa Z ndio namba inayobeba tofauti hiyo. Kwatsi yenyewe ni 1. Alumini ni 1.08, karibu kabisa na kwatsi, kwa hiyo ukikosea hapo hutaumia. Fedha ni 0.529, shaba 0.437, dhahabu 0.381, kromi 0.305. Hizi ndizo zinazohitaji umakini.

Kama kipimo cha mkononi: masafa yakiwa yameshuka chini ya asilimia 2, yaani Hz 120,000 kwa fuwele ya MHz 6, Sauerbrey peke yake anatosha. Kwa dhahabu hapo ni karibu nanomita 760. Kumbuka hesabu hiyo ni ya jumla ya vyote vilivyotua tangu fuwele ikiwa mpya. Kazi ya leo ni sehemu yake tu.

Fuwele iko pembeni, sampuli iko katikati. Nitajuaje sampuli imepata kiasi gani?

Hapa ndipo penye kazi ya kweli, na ndipo wengi wanaporuka.

Mvuke wa metali hautoki kwenye chungu cha kuyeyushia ukaenea sawa pande zote. Kilicho juu moja kwa moja hupata zaidi kuliko kilicho pembeni, na kikiwa mbali mara mbili kinapata kama robo. Fuwele kwa kawaida imewekwa ubavuni ili isizibe njia. Kwa hiyo kuna asilimia ya kurekebisha: 100 maana yake fuwele na sampuli vinapata sawa, 120 maana yake sampuli inapata moja na moja ya tano ya kile kinachoifikia fuwele.

Namna ya kuipata: chukua kipande safi cha kioo, chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, kiweke pale hasa itakapokaa sampuli. Weka asilimia 100 kwenye mashine na vukiza hadi skrini iseme nanomita 100. Usifanye kwa nanomita 10, kwa sababu makosa madogo ya kipimo yatakuwa makubwa. Toa kioo, kioshe kwa asetoni. Wino unayeyuka, unaondoka na metali iliyokuwa juu yake, na sasa una ngazi safi kutoka kwenye kioo hadi kwenye utando. Peleka kwenye kifaa cha sindano inayoburutwa juu ya uso na kupima kimo cha ngazi. Pima mahali pasipopungua patano, chukua wastani. Ukipata nanomita 120, asilimia yako mpya ni 100 mara 120 gawanya kwa 100, yaani 120.

Kisha rudia kazi nzima kwa asilimia hiyo mpya. Ikiwa sindano na skrini havikubaliani kwa karibu, tafuta kilichosogea. Mara nyingi ni chungu kilichowekwa milimita chache kando, au kihisi (kishikio chenye fuwele) kilichogongwa wakati wa kusafisha. Kila ukibadilisha umbali, chungu, au namna ya kuvukiza, asilimia ya zamani haifai tena. Ukihama kutoka kuvukiza kwa moto kwenda kwenye mbinu ya kupiga bamba la metali kwa ayoni za gesi, anza upya kabisa, kwa sababu gesi iliyomo chumbani hutawanya atomi njiani.

Nikifungua pazia, namba inaruka ghafla kabla metali haijafika. Mashine ni mbovu?

Si mbovu. Fuwele imeona moto. Pazia lilikuwa linaikinga dhidi ya mng'ao wa chungu, na sasa uso wake umepata joto haraka kuliko mgongo. Mkato wa AT unavumilia joto linalopanda taratibu na sawasawa, hauvumilii upande mmoja kupata moto ghafla. Mruko wa Hz 50 tu unasomeka kama nanomita 2.3 za alumini ambazo hazipo.

Kwa tando nene sahau, ni tone baharini. Kwa tando za nanomita 5 ni balaa. Suluhisho: hakikisha maji ya kupoozea yanapita kweli kwenye kihisi, fungua kwanza pazia la fuwele ukiwa umefunga la sampuli, subiri namba itulie na mwendo uwe sawa, kisha weka sifuri na ufungue la sampuli.

Maji ya kupoozea yawe na baridi kiasi gani?

Jibu la vitabu vilivyoandikwa Ulaya ni nyuzi 20 au chini kidogo. Kwa walio pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar, naomba mtulie hapa. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na miezi ya joto umande huanza kutua kwenye kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 24 hivi. Ukifungua chumba cha ombwe huku maji ya nyuzi 18 yakipita kwenye kihisi, fuwele italowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Utafunga, utapiga pampu, pampu itahangaika na maji hayo, na masafa yatapanda polepole kadiri unyevu unavyoondoka. Kwenye skrini itaonekana kama utando unaojiondoa wenyewe.

Kwa hiyo: funga maji kabla ya kufungua chumba, acha kihisi kifikie joto la chumba, na yafungulie tena pampu ikishafanya kazi. Ni bomba moja na dakika chache.

Umeme ukikatika katikati ya kazi nimepoteza kila kitu?

Sampuli huenda ndiyo, kwa sababu hewa iliyobaki inachafua uso wa utando na tabaka la pili halitashikana vizuri na la kwanza. Kipimo hujakipoteza. Uzito uko palepale juu ya fuwele, na fuwele haisahau. Kama uliandika masafa ya kuanzia kwenye daftari, umeme ukirudi soma masafa ya sasa fuwele ikishapoa na kutulia, toa, gawanya kwa Hz 157 kama ni dhahabu au 22 kama ni alumini, zidisha kwa asilimia yako ya nafasi, na utajua ulifika wapi. Ndiyo sababu ya pili ya daftari.

Nitajuaje fuwele imechoka?

Namba inarukaruka bila sababu, mwendo wa ukuaji unaonekana kubadilika huku moto wa chungu haujaguswa, au mashine inalalamika kwamba haioni mtetemo. Kwa kuhesabu tu, kushuka kutoka MHz 6 hadi 5 ni zaidi ya mikromita 6 za dhahabu. Usitegemee kufika huko kila mara.

Kinachoziua mapema ni mkazo. Magnesiamu floridi na silika (oksidi ya silikoni) hukaa juu ya fuwele zikiivuta au kuisukuma, na utando unaweza kupasuka au kubanduka vipande. Kipande kikibanduka uzito unapungua na masafa yanaruka juu. Kwa vitu hivyo chagua fuwele yenye elektrodi za fedha au aloi iliyokusudiwa, na uache zile za dhahabu kwa metali laini. Ukianza kazi ndefu usiyoweza kuirudia, weka fuwele mpya, hata kama ya jana inaonekana nzima. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi ya wiki.

Ishike ukingoni kwa kibano cha plastiki. Alama ya kidole ni mafuta, nayo yana uzito.

Nasikia inatumika pia kuhesabu tabaka la atomi mojamoja. Ni kweli?

Ni kweli, na kwangu hili ndilo tumizi zuri kuliko yote. Kuna njia ya kukuza utando kwa zamu: gesi ya kwanza inaingia, inashika uso hadi pasiwe na nafasi tena, inafukuzwa. Ya pili inaingia, inaungana na ya kwanza, inafukuzwa. Unarudia. Njia hii ilianza kutumika kiwandani kutokana na kazi ya Tuomo Suntola nchini Ufini, kuanzia mwaka 1974, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Teknolojia ya Milenia kwa ajili yake.

Mfano unaofundishwa kila mahali ni oksidi ya alumini kutoka kwenye trimethili alumini na mvuke wa maji. Kila mzunguko unaongeza karibu nanomita 0.11. Kwa densiti ya 3 hivi, hiyo ni nanogramu 33 kwa sentimita ya mraba, sawa na Hz 2.7. Ukichora uzito dhidi ya muda unapata ngazi: gesi ya alumini inapoingia uzito unaruka juu na kutulia, maji yanapoingia unabadilika kidogo tu kwa sababu vikundi vya methili vinang'oka na oksijeni inachukua nafasi, kisha ngazi inayofuata. Ngazi ikitulia juu, ujue uso umeshiba. Ikiwa inaendelea kupanda bila kutulia, kuna kitu kinatua bila mpangilio, au hufukuzi gesi ya kutosha. Hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kinachokuonyesha kemia ikitokea mbele ya macho yako.

Tahadhari moja: gesi hizi huingia kila pembe, hata nyuma ya fuwele. Bila gesi safi ya kuusafisha mgongo wa kihisi, utapima tando mbili ukidhani ni moja. Na joto la chumba lisipotulia, Hz 2.7 zitamezwa.

Inafanya kazi ndani ya maji?

Inafanya, ingawa watu walikaa muda mrefu wakidhani maji yangeuzima mtetemo. Kimiminika kinaburutwa na uso, na hicho nacho kina uzito wake. Keiji Kanazawa na Joseph Gordon walitoa kanuni yake mwaka 1985. Fuwele ya MHz 5 ikiloweshwa upande mmoja kwa maji inashuka karibu Hz 715, ingawa maji yanayoburutwa ni yale ya nanomita 250 tu za karibu.

Shida ni pale kinachotua kikiwa laini, kama protini au tabaka lenye maji ndani yake. Hicho hakitetemeki pamoja na fuwele kama metali. Kinayumba kama uji mzito kwenye sufuria, na Sauerbrey atakupa uzito usio sahihi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Gothenburg, Uswidi, katika miaka ya 1990 walitengeneza namna ya kuzima umeme ghafla na kusikiliza mtetemo unavyofifia. Kitu kigumu kinafifia polepole, kilaini kinafifia haraka. Ukiwa na namba zote mbili unajua kilichotua ni kizito kiasi gani na ni laini kiasi gani.

Inavumilia joto kiasi gani?

Kwatsi hubadilisha muundo wake kwenye nyuzi 573 za Selsiasi, na kipimo huharibika mapema kabla ya hapo. Kwa kazi za moto mkali kuna fuwele za galiamu fosfeti. Ni ghali.

Sina mashine. Naweza kujaribu mwenyewe nyumbani au shuleni?

Unaweza, na walimu wa fizikia nawaomba mjaribu. Kwenye mbao za umeme za redio na kompyuta zilizokufa kuna vikopo vidogo vya chuma vyenye miguu miwili, vimeandikwa namba kama 6.000 au 8.000. Humo mara nyingi mna fuwele ya mkato wa AT yenye elektrodi za fedha. Usichukue kile cha saa, kirefu kama punje ya mchele chenye 32.768. Hicho ni cha kHz na kina umbo la uma, si sahani.

Saga ukingo wa chini wa kikopo kwa tupa taratibu hadi kifuniko kitoke, bila kugusa sahani iliyo ndani. Iunganishe na saketi ndogo ya kuitetemesha, ile ya geti moja ya mantiki, kipinga na kapasita mbili inatosha, na kifaa cha kuhesabu masafa. Subiri dakika kadhaa itulie. Sasa ipumulie taratibu kutoka umbali wa shubiri moja. Utaona masafa yakishuka, kisha yakirudi polepole. Ni unyevu wa pumzi yako uliotua juu ya kwatsi, ukapimwa, ukaruka tena hewani.